Mashine ya Watu

Watu wa Kasingirima husema Honorata alinyimwa makalio ya kukalia. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakueleza habari zake akiwa wima, na kabla chai haijapoa amekwishafika kwa jirani wa tatu. Alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alipanda boti Kibirizi, akashuka Kagunga, akanunua, akarudi Ujiji kuuza, na kazi hiyo ilimfaa kwa kuwa haina siku ya kukaa. Mumewe alipomwacha alitoa sababu hiyohiyo, kwamba hajawahi kumwona mkewe ameketi. Maneno hayo yana kasoro moja: huyo bwana mwenyewe alikuwa haonekani nyumbani, sasa amwone mke saa ngapi? Lakini hayo tuyaache.

Kwa pilikapilika zake zote, Honorata alikuwa mtu wa usingizi mzito. Akigusa mto, amekwenda. Usingizi huo ulimtoroka mwaka 2015, na aliyeutorosha ni mashine ya boti, ya nguvu za farasi kumi na tano, iliyolazwa uvunguni mwa kitanda chake ikiwa imefungwa kwa khanga mbili. Haikuwa yake. Ingekuwa yake angeiuza zamani akaezeka bati jipya.

Mwaka ule Warundi walivuka kwa maelfu. Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kilijaa mpaka ufukweni hapakuwa na pa kuweka mguu. Honorata alifika na magunia yake matupu akakuta hakuna anayeanika dagaa. Pale pa kuanikia palilala watoto. Ugonjwa wa kuharisha ulikuwa umekwishaingia. Katika kuzungukazunguka, maana hata siku hiyo hakuweza kutulia, akamkuta mwanamke ameketi juu ya mashine ya boti kama aliyeketi kwenye kigoda, watoto wawili wamemlalia miguuni.

Jina lake Leonia, mtu wa Nyanza-Lac. Mumewe Dismasi, mvuvi, alikuwa amezikwa asubuhi hiyohiyo. Alizikwa na watu waliovaa glavu na buti za mpira, haraka, pamoja na wengine, bila ndugu kumwosha, bila mkeka wa wafiwa, bila mtu wa kuleta hata kibaba cha unga. Mtumbwi wao ulikuwa umepasukia mawe walipokuwa wakifika. Mashine Dismasi aliifungua mwenyewe, akaibeba begani mpaka nchi kavu, na kabla juma halijaisha ugonjwa ukamchukua.

Meli ilikuwa ikiwapeleka wakimbizi Kigoma mjini, na kutoka huko wapelekwe kambini Nyarugusu. Watu na mafurushi yao, basi. Mashine hairuhusiwi.

"Dada, wewe unakaa wapi?" Leonia akauliza.

"Ujiji, Kasingirima. Ukiuliza Honorata wa dagaa, hata mbuzi atakuonyesha."

"Nishikie hii. Nitakuja kuichukua, ama nitakutuma uiuze. Imana iko, Mungu yupo."

"Ego," Honorata akajibu. Kiha na Kirundi ni mtu na nduguye, na 'ndiyo' hiyo moja ikamfunga. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na shahidi; walipeana namba za simu, basi. Aliipakia mashine kwenye boti badala ya dagaa, akarudi Ujiji bila hata kilo moja ya kuuza, na jirani yake Regina akamcheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga yangu! Umekwenda kununua dagaa umerudi na chuma?"

"Ni cha watu," Honorata akasema, na Regina akaacha kucheka. Cha watu ni cha watu.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Honorata aliinama kila jioni kwa miaka miwili na ushei. Alipapasa kuhakikisha ipo. Aliifuta vumbi. Alimwaga petroli yote iliyobaki kwa hofu ya moto, kisha akaogopa kwamba bila petroli itaoza. Paka akirukia bati, yeye ameshaamka. Akiwa Kagunga ananunua, nusu ya akili yake iko Kasingirima chini ya kitanda. Alikonda. Ukimwuliza anaumwa nini, anasema haumwi, amewekewa kitu.

Kisha, mwishoni mwa 2017, Leonia akapiga simu kutoka kambini.

"Dada, nimejiandikisha kurudi nyumbani. Mabasi yameanza kupeleka watu. Mashine haipandi basi, wewe uza tu. Nikifika Nyanza-Lac nianze na kitu mkononi." Kisha akaongeza: "Ila iuze kwa mtu wa ziwani. Isiende kulala stoo."

Mtu wa ziwani alikuwapo. Gasper, mwenye mitumbwi pale Kibirizi, alikuwa akiitaka mashine hiyo tangu alipoisikia habari yake. Lakini Gasper ni mgumu wa mkono. Bei yake haikuwa mbaya wala haikuwa nzuri, na Honorata aliona aibu kumpelekea mjane bei ya namna hiyo baada ya kulinda mali yake muda wote huo. Regina ndiye aliyemshauri aende kwa Selestini.

Selestini ni fundi simu wa sokoni Ujiji, na wakati huo alikuwa ameanzisha mnada katika kundi la WhatsApp. Mwenye kitu anarusha picha, wanaotaka wanapandishiana bei, na ikisikika adhana ya Isha Selestini anaandika "Kimeuzwa" na jina la aliyeshinda. Watu waliuziana humo friji, pikipiki, makochi, hata jeneza moja ambalo mwenyewe alikuwa amepona. Honorata alikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, na Selestini akamwingiza.

"Mama, sikiliza sana," Selestini alimwambia huku akipuliza vumbi kwenye simu ya mtu. "Humu mna wateja na mna wezi, na mwizi ndiye mwenye maneno mazuri. Pesa iingie kwanza, mzigo utoke baadaye. Akikuletea ujumbe kwamba ametuma, usisome ujumbe, tazama salio. Na mteja wa kweli atataka kukiona kitu. Asiyetaka kukiona, mwogope."

"Nimeelewa baba."

"Rudia."

Akarudia, amesimama mlangoni, mguu mmoja ukiwa nje tayari. Njia nzima akaendelea kurudia kimoyomoyo. Niseme wazi hapa, ili asije mtu akamwita Honorata mjinga: somo alilijua lote.

Siku ya mnada bei ilianza kupanda alasiri. Gasper akaweka yake ileile. Mwalimu mmoja akapandisha kidogo kisha akaingia mitini. Gasper akaongeza kwa uchungu, na akaandika kwamba kesho atakuja na petroli na pipa la maji aiwashe, aisikie. Honorata alikuwa akitembea uani na simu, kutoka chooni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni. Na adhana ikiwa karibu, akaingia mtu mpya, Bonifasi wa Mwandiga, picha yake amevaa suti, akaruka juu ya bei ya Gasper kwa hatua ndefu sana. Selestini akaandika "Kimeuzwa." Honorata akapiga kigelegele peke yake gizani.

Hakumwuliza Bonifasi kama anataka kuiwasha. Bonifasi naye hakuuliza. Hilo liligusa moyo wa Honorata kama sisimizi anavyogusa mguu, akalipangusa.

Asubuhi ujumbe ukaja: umepokea pesa kutoka kwa Bonifasi. Honorata, mwanafunzi mzuri, akatazama salio. Hamna kitu. Akapiga simu.

"Bwana Bonifasi, pesa haijaonekana."

Aliyejibu alikuwa analia. Nyuma yake wanawake walikuwa wakiomboleza, na jogoo akawika katikati ya vilio. "Mama yangu," Bonifasi akasema, "nimefiwa. Kaka yangu amefariki alfajiri, hapa Mwandiga. Pesa nimetuma kabla sijapata habari, mtandao ndio unasumbua, itaingia. Mimi niko kwenye mkeka, siwezi kutoka. Mchana nitatuma bajaji ichukue mashine. Nisamehe mama, kichwa changu hakipo."

Hapo ndipo somo la Selestini lilipovunjika. Selestini alimfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kumwambia mtu aliyekaa kwenye mkeka wa msiba, "Lete pesa kwanza." Huku kwetu maneno hayo hayatoki mdomoni. Aliyefiwa hadaiwi mpaka matanga yaanuliwe. Hata mwenye nyumba mwenye roho ya chatu hupita mbali na mlango wa mfiwa. Honorata akaona aibu imempanda usoni kana kwamba amekutwa anapekua mfuko wa marehemu.

"Pole sana baba," akasema. "Pole mno. Tuma tu huyo mtu wa bajaji."

Akakata simu, akaanza kuzunguka. Kitu kilimwasha rohoni na hakujua ni nini. Akafagia uwanja uliokwishafagiliwa. Mwishowe akadhani amekipata: mtu amefiwa, amekuambia kwa mdomo wake, msiba uko Mwandiga, si Dodoma; na wewe utakaa nyumbani usubiri bajaji? Utapokea pesa ya mtu bila kwenda kumhani? Aibu hiyo angeizika wapi? Akachota unga wa mahindi, sado zima, akaufunga kwenye kitambaa safi. Akamwita Regina.

"Ufunguo huu hapa. Ikija bajaji kutoka kwa Bonifasi, wape mashine. Mimi nakwenda Mwandiga kuhani."

"Na pesa?"

"Mtu yuko msibani, Regina!"

"Haya, haya. Wape pole zangu pia."

Ndivyo mama huyo alivyofanya. Alitoka kwenda kumfariji mwizi wake, unga kichwani, akiwa ameacha ufunguo wa mlango.

Mwandiga si mahali pa kufichia msiba. Akifa mtu, wauza mawese wa barabarani wanajua kabla ya daktari. Honorata alishuka akatafuta turubai, viti vya kuazima, wanawake wenye ndoo. Hakuona. Akamwuliza mwendesha bodaboda, akatikisa kichwa. Akaingia vichochoroni, akatoka upande wa pili, akapita mbele ya duka lilelile mara tatu hadi mwenye duka akadhani amepotelewa na mtoto. Mwishowe akasimama mbele ya mama mmoja muuza mawese.

"Shikamoo mama. Msiba uko wapi?"

"Marahaba. Msiba gani?"

"Wa kaka yake Bonifasi. Amefariki alfajiri."

Yule mama akawageukia wenzake, wakatazamana. "Mwanangu, Mwandiga leo hajafa hata kuku. Na Bonifasi tuliye naye ni katekista, hana kaka. Nani kakuambia?"

Honorata akapiga simu. Bonifasi akapokea akilia. Wanawake wakaomboleza, jogoo akawika palepale alipowika asubuhi.

"Baba, nimekuja kuhani. Nipo Mwandiga sokoni na unga wangu. Nyumba ni ipi?"

Kilio kikasita. "Ah, mama... usingejisumbua. Tumeshasafirisha maiti, tuko njiani kwenda Kasulu."

"Na jogoo mnaye garini?"

Kilio kikaanza upya.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Jogoo akawika tena. Simu ikakatwa.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya kutoka Mwandiga hadi Kasingirima siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda kuhiji. Honorata alimpigia Regina. Simu imezimwa. Regina huzima simu yake kutunza chaji, huiwasha pale tu anapotaka kupiga yeye. Tabia ya kijinga kuliko zote duniani, na Honorata alimlaani kwa Kiha na kwa Kiswahili. Akapanda bodaboda akiwa amekumbatia unga. Kila kilima alimpiga kijana wa watu bega akimwambia aongeze mwendo. Hakuwa anawaza habari za pesa. Alikuwa anamwona Leonia kwenye mchanga wa Kagunga, amesimama pembeni ya mashine ili vijana wa boti waibebe, mikono haijui pa kukaa. "Nitamwambia nini?" alijiuliza kwa sauti. "Nitamwambia nini yule mtu?" Mwendesha bodaboda akadhani anaulizwa yeye, akasema, "Mwambie ukweli tu, mama." Honorata akaanza kulia.

Walipokunja kona ya mwisho, bajaji ilikuwa mlangoni. Mashine ilikuwa ndani yake, imelazwa kiti cha nyuma, na khanga zake mbili zikiwa bado zimefungwa. Honorata alishuka kabla pikipiki haijasimama. Alipita bila salamu, akaikumbatia ile mashine kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Dereva yuko wapi?"

"Anakula," Regina akajibu akitokea jikoni na sufuria. "Mtu katoka msibani, nimwache aondoke na njaa? Nikasonga ugali. Kuni mbichi, ukachelewa. Vipi, wamezika?"

Dereva, kijana wa mjini aitwaye Davis, alikuwa sebuleni na tonge mkononi, dagaa wamemjaa mdomoni. Alipoulizwa juu ya msiba alishangaa. "Msiba? Mimi nimepigiwa simu tu, mama. Nimeambiwa nichukue mzigo Kasingirima nipeleke kwenye lori pale Mwanga, linakwenda Tabora. Nikaona huyu mama ananipa pole, ananipa ugali. Nikasema watu wa Ujiji wakarimu."

Regina akaketi chini na sufuria lake. Honorata alimtazama, akataka kumtukana, akataka kumbusu. Ugali ule ulipikwa kwa ajili ya maiti ambaye hajawahi kuzaliwa, na ndio uliookoa mali ya mjane. Akamwambia Davis amalize kula, kisha wasaidiane kuishusha.

Wanaomjua wanasema wiki ile Honorata alisema katika kundi la mnada kwa sauti yake, si kwa maandishi, akieleza kila kitu hadi jogoo. Selestini alimfuta yule wa suti. Watatu wengine wakajitokeza kusema kwamba nao walililiwa na jogoo huyohuyo. Mmoja alikwishapeleka redio yake. Wote watatu walinyamaza kwa aibu ileile: nani amdai mfiwa?

Gasper akaja na pipa, akaja na petroli, akaja na uso wa mtu aliyepitwa na kitu halafu kikamrudia. Honorata akampigia Leonia kambini.

"Mnunuzi yupo. Mtu wa ziwani. Anataka kuiwasha. Usikate simu."

Wakaifunga mashine kwenye pipa uani kwa Honorata. Gasper akavuta kamba, kimya. Akavuta tena, ikakohoa moshi ikazima. Honorata akasogea karibu na pipa. Miaka yote ile ya kuifuta vumbi, kumbe analinda chuma kibovu?

"Imekohoa?" sauti ya Leonia ikatoka kwenye simu.

"Imekohoa imezima, dada."

"Mwambie asiiache. Ikikohoa inaitika."

Gasper akavuta mara nyingine, mashine ikaitika, maji yakaruka nje ya pipa yakawalowesha wote. Honorata akanyoosha mkono wenye simu kuelekea ule mngurumo, akaushikilia hapo. Gasper alitaka kuzima, akamkataza kwa macho. Ilipozimwa, akairudisha simu sikioni.

"Leonia?"

"Ego. Ndiyo yenyewe." Kisha akashukuru, "Urakoze," kwa sauti ambayo Honorata hakuwahi kuisikia, na simu ikakatika.

Gasper alilipa mkononi, na aliongeza kidogo juu ya bei yake ya mnadani bila kuombwa, jambo ambalo Kibirizi bado wanalibishia. Pesa Honorata angeweza kuituma kwa simu ikafika papo hapo. Hakuituma. Usiku ule uvungu ulikuwa mtupu, naye hakulala vilevile. Sado la unga lilikuwa mezani, kwenye kitambaa chake safi, na kila alipolitazama aliona haya. Alikuwa amebeba unga hadi Mwandiga kumhani mtu wa uongo. Na Dismasi je, aliyefukiwa Kagunga na watu wenye glavu? Nani alimpelekea mkewe unga?

Kulipokucha akasafiri na ule unga na pesa kwenda kambini. Wakakutana kwenye soko lililo jirani na kambi, mahali wenyeji na wakimbizi walipouziana mihogo na sabuni. Leonia alikuwa amekonda, watoto wamerefuka. Honorata akampa pesa iliyofungwa kwenye pindo la khanga, Leonia akaiweka kifuani bila kuifungua. Kisha Honorata akampa unga kwa mikono miwili.

"Huu wa nini, dada? Mimi keshokutwa ninapanda basi."

"Nimekuja kuhani," Honorata akasema. "Nimechelewa sana. Pole kwa Dismasi."

Leonia akautazama ule unga. Akatandika kitenge chake palepale chini, kando ya wauza mihogo, akaketi, akaanza kulia kwa sauti kama inavyopasa kulia mke aliyefiwa. Wanawake wa sokoni, Waha na Warundi, wakasogea mmoja mmoja bila kuuliza, wakaketi pembeni yake.

Honorata naye akakaa chini. Akakaa hapo mpaka soko likafungwa.